Ruhusa Tatu: Niliyojifunza kwa Kupiga Picha za Watu Mitaani

Swali linalowasumbua wengi wanaoanza kupiga picha za watu barabarani ni hili: niombe ruhusa kabla, au nipige kwanza kisha niseme samahani? Nami nililibeba swali hilo muda mrefu na kulijadili na wenzangu hadi usiku, mpaka kazi yenyewe iliponionyesha kwamba limepungukiwa. Mtu tunayemkuta kwenye shughuli zake anaombwa mambo matatu: apigwe picha, picha hiyo waonyeshwe wengine, na pengine iuzwe. Anaweza kulikubali la kwanza kwa moyo mweupe na kulikataa kabisa la pili, na hata akiyakubali yote mawili, la tatu lina mazungumzo yake peke yake. Naandika kwa ajili ya vijana wanaonunua kamera sasa, au wanaotumia simu zao, wanaokwenda kwenye masoko ya Feri na Kariakoo, Dar es Salaam, au Darajani, Zanzibar, wakiwa na hamu ya kweli ya kuonyesha maisha ya watu wetu. Hamu hiyo ni njema, na sitaki iwaumize wao wala wale wanaowapiga.

Nilianzia Feri, soko la samaki la Kivukoni, Dar es Salaam, kama wanavyoanzia wapiga picha wengi wa jiji hili. Alfajiri mnada umechangamka, dalali anapaza sauti juu ya fungu la changu au nguru, wachukuzi wanapita na ndoo vichwani wakidai njia, na upande wa wakaangaji moshi wa kuni unapanda kutoka kwenye makarai makubwa ya mafuta, mwanga wa asubuhi ukipenya katikati yake. Mwalimu wa kozi fupi niliyosoma alitusisitizia kwamba mtu akijua anapigwa picha hubadilika, kwa hiyo tutumie lenzi ndefu, ya milimita 200, inayovuta vitu vya mbali, tusimame mbali na tupige kabla hajatuona. Nilifuata mafunzo hayo. Picha zilitoka safi na zenye mwanga mzuri, lakini nilipozikusanya na kuzitazama pamoja niliona kwamba ndani yake hapakuwa na mtu hata mmoja aliyekuwa na habari nami, wala mimi sikujua jina la yeyote kati yao, wala anatoka wapi, wala samaki aliyekuwa akimkaanga alikuwa wake au wa tajiri.

Isitoshe, ni udanganyifu kudhani kwamba ukisimama mbali huonekani. Watu wa sokoni wanaishi kwa macho. Wanamwona mwizi, mgambo na mteja kabla hajafika. Mama mmoja mkaangaji aliniita mbele za watu wote: "Dada, unatuchungulia nini huko? Njoo huku!" Nilipofika, miguu ikiniishia nguvu, hakunitukana. Aliniuliza tu, huku akigeuza vibua kwenye karai: "Mnatupiga picha, halafu mnakwenda kutuuza Ulaya, sivyo?"

Kauli hiyo utaisikia kila mahali, kutoka Feri hadi Mombasa, na wanaoanza kazi huichukia wakiiona kuwa ni ujinga au tamaa ya pesa. Mimi nimekuja kuiheshimu, kwa sababu ina historia. Mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, studio za Zanzibar na miji mingine ya pwani zilitengeneza postikadi za watu wetu zilizonunuliwa na wasafiri na kutumwa Ulaya kwa posta. Chini ya picha palichapwa kabila, kazi au neno la jumla, mchukuzi, mwanamke wa Kiswahili, na jina la mwenye uso huo halikuwepo. Watu walipigwa picha wakauzwa Ulaya, kama alivyosema yule mama, bila kutia chumvi. Kwa hiyo mtu akikuambia hivyo usikasirike wala usikane haraka. Mwambie ukweli wa kazi yako: unapiga kwa ajili gani, picha zinakwenda wapi, na kama kuna fedha ndani yake au hakuna.

Baada ya hapo niliiweka kando lenzi ndefu nikabaki na ya milimita 35, ambayo haikupi nafasi ya kujificha, kwa kuwa ili picha ijae ni lazima umkaribie mtu kiasi cha kusikilizana. Woga wake ni wa kweli na sitaki kuuficha. Viganja hutoka jasho, sauti hukauka, na kwa mwanamke anayezunguka na kamera katikati ya wanaume wa kazi ngumu, maneno ya mzaha hayakosekani, mengine yakiwa ya kuudhi. Kilichonisaidia ni kwenda kwanza bila kuitoa kamera kwenye begi. Nilinunua samaki, nikakaa kwenye benchi la mama lishe nikanywa chai, nikauliza bei ya pweza, nikarudi tena na tena hadi salamu zikawa za watu wanaofahamiana. Gharama kubwa ya kazi hii ni muda. Ya pili ni hizo chai, samaki na nauli, ambazo hakuna mtu atakurudishia. Asiye na subira na gharama hizo ana mambo mengine mengi mazuri ya kupiga, majengo, mashua, mawingu, na hakuna atakayemlaumu.

Maneno ya kuombea ruhusa yasiwe mengi. Mkubwa mpe shikamoo na usubiri marahaba yake; wa rika lako muulize habari za kazi; na kamera iwe mkononi, chini, ionekane lakini isimwelekee. Kisha sema: "Mimi napiga picha za watu wakiwa kazini. Ningependa kukupiga hivi hivi ulivyo. Usipotaka, hakuna neno." Sentensi hiyo ya mwisho msiiache, kwa sababu bila kufunguliwa mlango wa kukataa, watu wetu wengi hawatakataa kwa mdomo. Watasema "baadaye", "ngoja kwanza", "mpige yule pale", au watacheka huku wamegeuza uso na kujifunika kwa kanga. Hayo yote ni hapana, na inatosha kuisikia mara moja, bila kumsubiri mtu achoke ndipo uelewe.

Yule mwalimu hakukosea alipotuambia kwamba mtu akijua anapigwa picha hubadilika. Husimama wima, hukaza uso, huweka mikono pembeni. Mpige hivyohivyo, kwa kuwa huo ndio uso aliouchagua, na mwonyeshe kwenye kioo cha kamera. Baada ya hapo usiondoke. Kaa. Dakika chache zikipita kazi inamrudisha katika hali yake, karai linataka kugeuzwa, mteja anataka chenji, naye anakusahau huku akijua upo. Picha zangu ninazozithamini zaidi zote zimetoka katika muda huo.

Nilidhani nimefika. Kumbe nilikuwa nimejifunza ruhusa ya kwanza tu.

Kariakoo nilimpiga picha kijana mmoja mbeba mizigo, akiwa ameinama chini ya robota la mitumba lililomzidi upana, mshipa wa shingo umesimama, jasho linadondoka kwenye kidevu. Nilimwomba, akakubali kwa furaha, akataka hata nirudie ili robota lionekane lote. Nikaiweka picha mtandaoni pamoja na maneno mazuri kuhusu jasho la vijana wetu. Watu waliipenda, wakaisambaza, na baada ya muda ikaingia kwenye makundi ya WhatsApp ambayo mimi simo. Yule kijana alinitafuta kupitia kwa muuza maji tuliyefahamiana naye. Alikuwa mpole kabisa, na upole huo uliniuma kuliko kama angenifokea. Aliniambia: "Dada, mimi nilikuruhusu unipige. Sikukuruhusu unipeleke nyumbani."

Nyumbani, mbali na Dar es Salaam, mama yake alijua kwamba mwanawe ameajiriwa dukani. Fedha alizokuwa akituma kila mwezi zilikuwa za kweli, kazi ndiyo iliyokuwa imefichwa, na ilifichwa kwa mapenzi, ili mama asihesabu uzito wa mizigo kila anapopokea hela. Sasa mama alikuwa ameiona picha kwenye simu ya jirani akalia, na upande wa wakwe waliokuwa wakisubiri mahari maswali yalikuwa yameanza. Niliifuta siku hiyohiyo, lakini picha iliyokwisha kuingia kwenye makundi ya simu haina mwenyewe, na hakuna mlango wa kubisha hodi ili uirudishe. Nilipomuuliza nifanye nini, hakutaja fedha. Alitaka nimpige picha nyingine, amevaa shati la mikono mirefu, amesimama mbele ya ukuta safi, niisafishe kwa ukubwa wa kuwekwa kwenye fremu, naye aitume kwa mama yake kwa basi. Tulifanya hivyo.

Tangu hapo huuliza swali la pili kila mara, na huliuliza baada ya kupiga, picha ikiwa mbele ya macho ya mwenyewe, kwa sababu mtu hawezi kuamua juu ya picha asiyoiona. Siulizi "naweza kuiweka mtandaoni?" kwa jumla. Namuuliza: kuna mtu yeyote ambaye usingependa aione hii? Utashangaa majibu. Kuna mwanamke anayeuza mihogo jirani na ofisi ambayo zamani alikuwa mfanyakazi wake. Kuna mzee anayedaiwa na hataki ijulikane kibanda chake kimehamia wapi. Kuna wanaosema hakuna tatizo, lakini kesho yake hukupigia simu kwamba wamefikiri upya; kwa ajili yao siku hizi naiacha picha ikae kwanza, siionyeshi siku ileile, na nawaachia namba yangu ili wapate nafasi ya kubadili mawazo.

Zanzibar ilinifundisha upande wa pili wa jambo hilo. Katika Mji Mkongwe, mji uliosajiliwa na UNESCO kuwa urithi wa dunia mwaka 2000, wenyeji wamezoea kamera za wageni hadi wamezichoka, na mtu akikaa barazani kwake na kikombe cha kahawa hajui atakuwa kwenye simu za watu wangapi kabla hajakimaliza. Pale Jaws Corner, ambapo wazee hunywa kahawa, hucheza dhumna na kuzungumza siasa, nilikaa jioni nyingi kabla ya kuomba picha. Mzee mmoja aliponikubalia alitoa sharti: "Utapiga, mwanangu, lakini ya mwanzo niletee mimi. Isiwe nakwenda kuiona dukani." Nilimpelekea picha iliyosafishwa, wenzake wakaipokezana mkono kwa mkono, na tangu siku ile sikuwa na haja ya kujieleza tena kwenye kona ile. Kusafisha picha ndogo hakuzidi sana bei ya soda, na sijaona kitu kingine kinachojenga uaminifu kiasi hicho kwa gharama hiyo. Wengi tunaahidi kuzirudisha na hatuzirudishi. Kama huna uhakika wa kurudi usiahidi, maana mpiga picha atakayefuata ndiye atakayelipia ahadi yako.

Nilikwenda pia kuziangalia picha za Capital Art Studio, studio iliyoanzishwa Zanzibar na Ranchhod Oza mwaka 1930. Ndani ya studio kama ile mteja alikuwa bwana wa picha yake: alikuja na nguo aliyoichagua, akakaa alivyotaka kukaa, akalipa, akaondoka na nakala yake. Nikiwa mbele ya picha hizo nilimkumbuka kijana wa Kariakoo na shati lake. Alichokuwa akikidai ni kile walichokuwa wakikipata wateja wa studio, yaani haki ya kuchagua sura atakayoonekana nayo kwa wale anaowajali. Kazi yetu ya mitaani imeiondoa haki hiyo mikononi mwa anayepigwa, na ni juu yetu kuirudisha kadiri tuwezavyo.

Kwa wanawake, mara nyingi kuirudisha ni kukubali kwamba uso haumo kwenye picha. Bibi mmoja wa Ng'ambo, upande wa pili wa mji wa Zanzibar, aliyekuwa akisuka ukili kwenye kibaraza chake aliniambia, "Mikono chukua. Uso wangu hapana." Nilikaa naye hadi karibu na alasiri. Alikuwa akilowanisha miyaa kwa maji ya bakuli ili isikatike, kidole gumba cha kushoto kinabana, cha kulia kinakunja na kupitisha, na hina iliyokuwa ikififia ilibaki kwenye ncha za kucha tu. Kila alipofika mwisho wa mwaa mmoja alichopeka mwingine bila kutazama. Picha ile ya mikono inaeleza habari zake kwa ukamilifu ambao nisingeupata kwa kumlazimisha afunue uso. Nawasihi wapiga picha wa kiume wasichukulie kizuizi hiki kama ukuta, na wasivizie wanawake wa buibui kutoka nyuma kwa kisingizio kwamba hawatambuliki, kwa kuwa mtaani mwanamke hutambulika kwa mwendo, kwa mkoba na kwa mtoto aliyemshika mkono.

Juu ya watoto sina mjadala: mzazi au mlezi akubali, na mtoto mwenyewe asiwe analia wala kujificha. Watoto hujipanga mbele ya kamera wenyewe, wakicheka, na ni rahisi kudhani kuwa hiyo ndiyo ruhusa. Epuka nembo ya shule kwenye sare, na kabla ya kuituma picha popote, ondoa taarifa za mahali ambazo simu huziandika ndani ya faili. Waliolala, wagonjwa, walewa na waliopata ajali siwapigi, kwa kuwa hawana namna ya kunijibu. Ombaomba nimewahi kuwapiga, pale tu walipotaka wenyewe tuzungumze, na nilipoona kwamba picha inaeleza zaidi ya mkono ulionyoshwa.

Mtu akitaka ufute, futa mbele yake bila kubishana, hata kama picha ni nzuri kiasi gani. Kama ni simu, fungua pia sehemu ya picha zilizofutwa, ambako hukaa kwa muda kabla ya kupotea kabisa, nako uzitoe. Fundi simu mmoja wa Kariakoo ndiye aliyenidai hivyo, na alikuwa na haki.

Sheria nazo zimesogea, na ni vizuri kuzijua. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na picha inayomtambulisha mtu ni taarifa yake. Kenya ina sheria yake ya ulinzi wa data ya mwaka 2019. Mwaka 2023 ofisi ya kamishna anayeisimamia iliitoza shule moja faini ya shilingi 4,550,000 za Kenya kwa kutumia picha za watoto bila idhini ya wazazi, na mgahawa mmoja wa burudani shilingi 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja ambaye hakuridhia. Zaidi ya hayo kuna maeneo yenye mabango ya kukataza picha, kama vituo vya polisi, kambi za jeshi na bandari. Pale Feri geuza kamera kwa uangalifu, maana Ikulu haiko mbali.

Ruhusa ya tatu nilikutana nayo kampuni moja ya utalii ilipotaka kununua picha zangu za baraza la kahawa kwa ajili ya matangazo. Fedha ilikuwa nzuri na nilikuwa naihitaji. Wazee walikuwa wamekubali kupigwa, wamekubali pia picha zionekane kwenye maonyesho, na mnunuzi aliona hilo linatosha. Nilikataa kusaini kabla ya kuonana na kila mmoja wao. Wengine walikubali na kutaja bei, na bei zao zilikuwa za haki. Yule mzee aliyekuwa na sharti la picha ya mwanzo alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Kwenye maonyesho sawa, ukutani kwako sawa. Tangazo la hoteli, mimi simo." Alikuwa katikati ya picha bora kuliko zote, na picha hiyo ikatoka kwenye mauzo pamoja na sehemu kubwa ya malipo. Mnunuzi hakufurahi, wala sikumlaumu.

Kwa waliokubali tuliandikiana karatasi ya ukurasa mmoja, kwa Kiswahili cha kawaida, ikitaja ni picha ipi, itatumika wapi, kwa muda gani, aliyepigwa picha analipwa kiasi gani na lini, na kwamba haitapewa mtu wa tatu bila kuulizwa tena. Nusu ya nilicholipwa niliigawa kwa waliomo kwenye kila picha, na natamani huo uwe utaratibu wetu sote, kwa sababu bila nyuso hizo hapana kilichouzwa. Muda wa matumizi usiachwe wazi; andika mwaka utakapokwisha. Asiyesoma asomewe na mtu wake anayemwamini, asisomewe na mpiga picha, na nakala moja abaki nayo yeye, ikiwa na namba ya simu ambayo kweli inapokelewa.